Kuifuata Chupa ya Kumi na Tisa hadi Ukerewe

Mmeniuliza wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na nimewajibu vipande vipande mpaka mimi mwenyewe nimeanza kuchanganya. Naandika mara moja, yote, halafu mtu asiniulize tena. Ruhusa ya kazini na habari za tiketi nimeziruka. Nimeanza na sababu, kwa kuwa hata ninyi mnaokuja kwangu Kiseke kila Jumamosi na kuonja wiski zangu, sababu yenyewe sikuwahi kuwaeleza vizuri.

Wiski zile hazikuanza kuwa zangu. Zilikuwa zangu na za baba. Alikuwa mkufunzi wa ualimu, tukikaa Butimba, na nilipokuwa mwaka wa pili nasomea kemia alinunua chupa ya kwanza akaniambia, "Editha, tuone kama elimu yako ina pua." Akaweka masharti. Chupa inazungushiwa gazeti ili mtu asionje jina. Kila mpya inaonjwa katikati ya mbili tunazozifahamu. Kimo cha kidole kimoja, si zaidi. Daftari lina safu mbili, yake na yangu. Anayetangulia kuonja anaandika, anakunja ukurasa na kuubana kwa pini za stepla, na mwenzake haufungui mpaka naye ameandika. "Ukisoma kwanza," alikuwa akisema, "utaonja maneno yangu, hutaonja wiski."

Tulifika kumi na nane. Ya kumi na tisa aliionja peke yake, kwa sababu nilikuwa zamu kwenye maabara ya kiwanda cha samaki. Alibana ukurasa, akaniachia daftari. Wiki hiyo ugonjwa aliokuwa akiutumia dawa ulimzidi, akapelekwa kwao Ukerewe, na chupa akaitia kwenye begi lake. Nilimwambia Jumamosi nakuja, tutaimalizia huko. Alifariki Alhamisi.

Mwaka mzima daftari limekaa kwenye droo, ukurasa ukiwa na pini zake. Mliniambia niufungue tu. Nilikataa. Sikubali kuamini kitu kwa sababu kimeandikwa, hata kama aliyekiandika ni baba.

Ndipo Shangazi Leokadia, dada yake mkubwa, aliponipigia. Jumamosi iliyofuata ilikuwa kumbukumbu ya mwaka: kaburi limeshajengewa, na vitu vya marehemu vingegawanywa.

"Chupa ya baba yako bado ipo," alisema. "Deo amesema ataimwaga mbele ya watu."

Deo ni mdogo wa baba. Ameokoka, anaongoza kanisa dogo pale kijijini.

"Kwa nini aimwage?"

"Iwe ushuhuda. Anasema pombe itoke kwenye ukoo."

"Asimwage, Shangazi. Nakuja."

"Njoo upesi basi. Mimi hanisikilizi."

Buzuruga hadi mbele kidogo ya Magu

Meli ya kwenda Nansio, Ukerewe, haikuondoka Ijumaa hiyo, kwa hiyo nilizunguka kwa nchi kavu. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa stendi ya Buzuruga. Kwenye mkoba nilikuwa na daftari, glasi mbili nilizozifunga kwa kanga, na vichupa viwili vya sampuli vya maabara, kimoja kimeandikwa 17 na kingine 18. Sharti ni sharti, hata safarini.

Mbele kidogo ya Magu mkanda wa feni ulikatika. Kondakta alitutangazia dakika kumi. Tulikaa pembeni ya barabara kwa muda wa saa mbili na nusu, na kila nilipotazama saa nilimwona baba mdogo ameshika chupa.

Jirani yangu alikuwa muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya wodini. Alifungua mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akanipa kiganja kizima. Nilinusa kabla ya kutafuna. Ni tabia ya kazi, siwezi kuiacha.

"Unanusa nini? Si nimekaribisha mwenyewe?"

Nikamwomba radhi, nikaishia kumweleza habari za kazi yangu, wiski, daftari na chupa ninayoifuata. Mzee mmoja aliyekaa juu ya dumu la mafuta aligeuka.

"Binti, yaani umesomeshwa chuo kikuu ili ukusanye pombe?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jibu swali."

"Nakusanya wiski. Ninazo chupa kumi na nane nyumbani, na hakuna hata moja iliyoisha. Umewahi kumwona mlevi wa namna hiyo?"

Watu wakacheka, na mzee mwenyewe akacheka kwa shida, kama mtu aliyeombwa mkopo. Lakini muuguzi hakuniachia.

"Na mume atasemaje?"

"Yupi, mama?"

"Atakayekuja."

"Atakayekuja atazikuta."

Akaniongezea michembe.

Nawaandikia hili kwa sababu maswali yale nimeyasikia mara mia, na bado sijapata mtu wa kunieleza tatizo liko wapi. Mjomba wa mtu anakusanya majogoo. Jirani yangu ana jezi za mpira hata kitanda hakionekani. Mwanamke akikaa na glasi yenye kimo cha kidole, akafikiri kwa nusu saa, nchi nzima inataka kikao.

Bunda hadi Kisorya

Bunda tulifika mchana umeshageuka. Gari la Kisorya lilijaa taratibu, mtu mmoja mmoja, na tulipofika ziwani kivuko cha mwisho kilikuwa kimeshaondoka. Nilikiona kikiwa katikati ya maji, kidogo kama sanduku. Ilinibidi kulala ng'ambo hii, kaburi la baba likiwa upande wa pili.

Nyumba ya wageni niliyopata ilikuwa na mama mwenyeji mkarimu. Alinipikia sato wa mchuzi na ugali wa muhogo, mweusi kidogo, unaovutika, kama anaopika shangazi. Nilikaa barazani, nikafungua daftari niandike mambo ya njiani. Sahani ilipoletwa nikainama nikainusa, nikaandika. Nikamgeuza samaki, nikamtazama macho na mashavu, nikaandika tena. Mama alisimama mlangoni na taulo begani.

"Kina nini chakula changu?"

"Hakina kitu, mama. Ni kizuri sana."

"Mbona unakiandikia?"

"Ni mazoea ya kazi. Kazini kwangu tunapima samaki."

Alisema "aha," akaingia ndani. Nilikula mpaka mwisho, nikalala mapema, nimeridhika kwamba nimejieleza vizuri.

Kivukoni

Asubuhi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kivuko kilikuja, kikashusha magari na watu, kikawa tayari. Nikapanda. Nyuma yangu hakupanda mtu.

Wafanyabiashara wa samaki, wanawake kama kumi na watano, walikaa juu ya viroba vyao vilivyofunikwa maturubai, hawasogei. Baharia aliwapigia kelele.

"Mbona hampandi?"

"Tunangoja huyo aende zake."

Kidole kilinielekea mimi. Ikawa saa mbili, ikaelekea saa tatu. Dereva wa lori alipiga honi. Kivuko hakingeondoka bila mizigo ile, na wale mama walikuwa na subira kuliko mimi. Nilishuka, nikawafuata.

"Shikamooni, mama zangu. Nimewakosea nini?"

Mmoja, mwenye koti la mvua la njano ingawa mbingu ilikuwa nyeupe, alijibu bila kuinuka.

"Mkaguzi hakosei. Kazi yako fanya, ila sisi hatupandi chombo kimoja na wewe. Ukishafika majini unafungua viroba, unapima sangara kwa rula, wadogo wanakamatwa, mzigo unazama. Tunawajua."

"Mimi si mkaguzi!"

"Jana umempima sato wa mama gesti mpaka macho. Una vichupa vya serikali kwenye mkoba. Mfagiaji ameviona."

Nilimkumbuka mama mlangoni na taulo lake. Nilijieleza, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuwa mkaguzi, kwa sababu ni mkaguzi gani atakayekubali kuwa mkaguzi? Mwishowe nilitoa kichupa cha 17, nikafungua kizibo, nikampa mwenye koti la njano.

"Nusa."

Alisita, akakisogeza puani kwa mbali, halafu karibu. Uso wote ukafunguka.

"Jamani! Huyu si mkaguzi. Huyu ni mlevi!"

Vicheko vilipanda mpaka kwenye kivuko. Kichupa kilizunguka pua kumi na tano. Nilitaka kuwaeleza tofauti. Nilikuwa na maneno yote tayari, yale niliyomwambia mzee wa juu ya dumu. Kisha nikaangalia saa.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mlevi. Twendeni."

Wakapanda. Njia nzima walinihurumia. "Na amesoma," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "maskini, na amesoma." Mwenye koti la njano alinipa chungwa, akanishauri nile kitu kabla ya kunywa. Nililila lile chungwa nikiwa na hasira za kutosha kukisukuma kivuko kwa mikono.

Rugezi hadi nyumbani

Tuliposhuka Rugezi, bodaboda ilinipitisha kwenye miamba na michungwa kwa mwendo ambao mama yangu asingependa kuusikia. Tulipokata kona ya nyumbani nilisikia wimbo ukiishia. Watu walikuwa wameshaenda makaburini, nyuma ya nyumba, pale ukoo wote unapozikwa. Koti la mvua la baba lilikuwa limeshapewa mtu, redio imeshapewa mtu. Baba mdogo Deo alisimama kwenye kichwa cha kaburi, Biblia kwapani, chupa mkononi. Ilikuwa imepungua kidogo tu.

"Baba mdogo, shikamoo!" nilisema kwa sauti kuliko adabu inavyoruhusu.

Alikuwa ameshafungua mdomo aombe. Lakini shikamoo haiachwi hewani.

"Marahaba. Umechelewa, Editha."

"Kivuko, baba mdogo. Naomba usimwage. Hiyo chupa ni yangu."

"Pombe haina urithi." Akawageukia watu. "Ndugu zangu, leo pombe inatoka kwenye ukoo huu." Akainamisha chupa, kizibo bado kipo, mkono wa pili ukikitafuta.

"Deo," Shangazi Leokadia aliita kutoka kwenye mkeka. Hakuinua sauti. "Unamwagia wapi?"

"Hapa chini."

"Hapo ni kwa kaka yako. Unamtambikia?"

Mnapaswa kuelewa uzito wa swali hilo. Mtu aliyeokoka, mwenye kanisa, mbele ya waumini wake, amesimama kaburini na pombe.

"Sitambiki! Namwaga."

"Sisi tunaona mtu anampa marehemu kinywaji. Na hujakionja. Toka lini kwetu mtu anampa mwenzake kinywaji ambacho hakukitangulia kukionja? Unataka aseme umemletea sumu?"

Baba mdogo alisogea hatua tatu kulia.

"Hapo ni kwa mama," alisema shangazi.

Akasogea nyuma.

"Hapo ni kwa babu. Yeye ndiye mkali zaidi."

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Baba mdogo akatazama huku na huku. Kila alipotazama palikuwa na mtu wetu chini. Akaanza kuelekea njia ya kwenda ziwani.

"Njiani?" shangazi akauliza. "Mali ya marehemu unaitupa njiani kama maji ya vyombo?"

Alisimama. Jasho lilimtoka. Ni lazima nikiri jambo hapa. Mwaka jana kwenye msiba niligombana na shangazi huyuhuyu juu ya kunyoa nywele. Nilimwambia mila zisizoweza kujieleza zinyamaze. Na hiyo ya kuonja kwanza, ukiniuliza, ni woga wa sumu uliovikwa heshima. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekubali kuitwa mlevi ili nivuke maji. Sikuona sababu ya kuchagua silaha.

"Nitaonja mimi," nikasema.

"Mtoto wa kike?" akauliza baba mdogo.

"Mtoto wa kwanza," akajibu shangazi.

"Editha, unataka kunywa pombe mbele ya kaburi la baba yako?"

"Nataka kumaliza kazi aliyoniachia." Nikatoa daftari, nikamwonyesha ukurasa uliobanwa. Nilimweleza safu mbili, gazeti, kidole kimoja, na kwamba nimekaa mwaka mzima bila kusoma alichoandika baba kwa sababu sijaonja. "Ukimwaga, sitaweza kuufungua huu ukurasa. Sitaufungua hata kidogo. Mimi ndivyo nilivyo, na yeye ndiye aliyenifanya hivi."

Alilichukua daftari. Hakufungua chochote. Aliangalia tu mwandiko wa kaka yake kwenye jalada, ule mwandiko wa ubaoni, mviringo, usio na haraka. Kisha akanirudishia, akang'oa kizibo ili animiminie.

Harufu ikatoka. Baba mdogo akabaki ameinama, chupa mkononi, hamimini.

"Hii," alisema taratibu, "inanuka koti la kaka."

Shangazi aliinuka kwenye mkeka, akaja, akanusa. "Ndilo," akasema. Nikaelezwa mimi nisiyejua. Walipokuwa wadogo walikuwa na koti moja la shule, baba na mdogo wake, wakilivaa kwa zamu. Usiku lilitundikwa jikoni, juu ya moto ambapo bibi alibanika samaki wa kuuza. Kule darasani wenzao waliwaita Moshi wa Kwanza na Moshi wa Pili.

Nilikaa kwenye rundo la mchanga walilobakisha mafundi. Nilipanga glasi mbili na kikombe cha chai: 17 kushoto, 18 kulia, kumi na tisa katikati, kwenye kikombe. Watu walizunguka kama wanaotazama mganga. Nilinusa, nikaonja, nikaongeza tone la maji, nikaonja tena. Sijawahi kuonja vibaya vile, jua usoni, macho arobaini. Nikaandika hata hivyo. Moshi wa kuni mbichi. Chumvi ya ngozi ya samaki. Ganda la chungwa, na hapo nikasimamisha kalamu, kwa sababu chungwa nilikuwa nimelila kivukoni. Nikaandika: "Chungwa huenda ni langu." Mwishoni kabisa, baada ya kumeza, kitu kitamu kinachochelewa, kama muwa.

Ndipo nikang'oa pini.

Safu ya baba ilikuwa na mistari minne. Baba mdogo akauliza kaandika nini. Nikaisoma kwa sauti, kwa kuwa nilidhani nikiisoma kimya sitaweza kusema chochote.

"Sisikii kitu. Dawa zimechukua pua. Nimeonja mara tatu, ni maji ya moto tu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Nawe usiandike kwa kunihurumia."

Shangazi alichukua kikombe cha chai bila kuomba ruhusa, akaonja, akakunja uso, akamwaga tone mahali pake, kwenye kichwa cha kaburi. Baba mdogo alimpa mgongo, akawa anaangalia ziwa kana kwamba kuna mtu anamngoja huko. Alipogeuka, chupa ilikuwa na kizibo chake.

"Beba," akaniambia. "Isirudi hapa."

"Asante, baba mdogo."

"Usinishukuru. Ni dhambi."

Nansio hadi Kiseke

Jumatatu meli iliondoka kwa wakati, na safari ya kurudi haina la kusimuliwa, isipokuwa kwamba nilikaa na mkoba mapajani mpaka Mwanza.

Mmoja wenu, na anajijua, alipoona ukurasa alishauri niijaze safu ya baba. Niandike ambayo angeyasema kama pua ingekuwepo: moshi, samaki, koti. Alisema kwa upendo. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Mtu aliyepoteza kitu alichokipenda akaonja mara tatu kuhakikisha, kisha akaandika kwamba hasikii kitu, huyo hahitaji kusaidiwa kuandika. Safu ile imejaa.

Nilichofanya ni kuchora mstari mpya kwa rula, nikapata safu ya tatu. Humo nimeandika: "Baba mdogo Deo. Kwa pua tu. Koti la kaka."

Wiki iliyopita alinipigia. Tuliulizana hali, tukamaliza habari za mvua na za shangazi, akawa hakati simu.

"Lile daftari," akasema mwishowe, "chupa ya kwanza imo humo?"

"Ipo."

"Kaka aliandika nini?"

Nikamsomea. Akaniombea baraka, akakata. Jioni iliyofuata akapiga tena, akataka ya pili. Sasa tumefika ya saba. Anasikiliza kila neno la kaka yake, halafu ananikumbusha kwamba pombe ni dhambi, nami namkumbusha kwamba hakuna hata moja iliyoisha. Huwa hasomewi safu yangu. Haulizi, na mimi sijitolei. Lakini tukifika ya kumi na tisa nitamsomea safu zote tatu, na ya tatu hajui bado kwamba ni yake.